Je, Dawa ya Moto ni Moto?

Methali hii tuliijadili chamani muhula uliopita, na takriban kila mmoja wetu akaiunga mkono. Hata mimi nilipiga makofi. Leo naomba ruhusa niipinge, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo walimu wengi hawapapendi: katika gemu.

Najua mtasema gemu ni za wavivu, zina hadithi gani? Kweli, katika vibanda vya hapa sokoni Navakholo vijana hucheza kandanda tu, wakipigiana kelele mpaka giza liingie. Lakini likizo ya Desemba nilimtembelea binamu yangu mjini Kakamega. Ana PlayStation, akanionyesha The Last of Us Part II, iliyotolewa mwaka wa 2020. (Gemu yenyewe ni ya watu wazima. Yeye ndiye aliyebonyeza vitufe, mimi nikatazama. Aghalabu.)

Ellie ni msichana aliyelelewa na Joel, mzee asiye babake. Joel anauawa mbele ya macho yake na mwanamke aitwaye Abby. Ellie anafunga safari hadi Seattle kulipiza kisasi, nasi tukamshangilia, "Mmalize! Mmalize!" Kufika katikati, gemu ikageuka. Ikatulazimisha tucheze kama Abby. Ndipo tukajua kuwa babake alikuwa daktari wa upasuaji, na aliyemwua ni Joel, katika ile gemu ya kwanza ya 2013. Joel huyo huyo tuliyemlilia! Naye hakuua kwa ushetani. Alikuwa akimwokoa Ellie asife kwenye meza ya upasuaji. Tulifikishwa mpaka kumpiga Ellie kwa vidole vyetu wenyewe. Sasa niambie, mwenye haki ni nani?

Mwishoni Ellie anamshika Abby majini, karibu amzamishe, halafu anamwacha. Binamu alikasirika. "Ai, masaa yote haya, halafu amwache tu?" Mimi nina lawama nyingine. Kabla ya msamaha huo Ellie amekwisha kuua watu chungu nzima, na wengi wao hatukuambiwa baba zao ni akina nani. Msamaha wa mtu mmoja haufuti hao.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni cha nyumbani. Mwaka juzi shamba letu la miwa liliteketezwa usiku. Miwa ya miezi 18, ilibaki kukatwa tu! Miwa ikiungua hupoteza uzito na sukari haraka, na lori likachelewa. Nilikaa nyumbani nusu muhula kwa kukosa karo. Sote tulimshuku jirani mmoja. Kaka yangu mkubwa akanunua petroli, akaitia katika chupa ya soda. Baba aliketi mlangoni usiku kucha, akamwambia, "Ukitaka kutoka, pita juu yangu." Kaka hakutoka.

Mimi nilimwona Baba mwoga. Nilikuwa tayari kubeba kiberiti.

Kuna jambo ambalo sikulisema usiku ule. Mwaka uliotangulia, ng'ombe wetu waliingia katika mahindi ya jirani huyo wakayamaliza. Mchungaji nilikuwa mimi. Niliwaacha nikaenda kucheza mpira. Mzee yule alipokuja kudai fidia, niliapa kwamba si ng'ombe wetu. Baba akaniamini, akamfukuza kama mwongo.

Basi ile saa Abby alipoanza kutembea kwenye kioo, nilitoka nje, nikasingizia nakwenda kunywa maji. Kaka alitaka kuwasha moto wa pili bila kujua wa kwanza ulianzia wapi. Aliyejua ni mimi, na nilinyamaza.

Jirani hajakiri, wala hakuna aliyethibitisha kuwa ni yeye. Siku hizi yeye na Baba hukutana njiani wakienda sokoni, wakaulizana habari za mvua. Huenda ni msamaha, huenda ni kuchoka tu. Jarida hili nitalipeleka nyumbani shule zikifungwa, na Baba husoma kila ukurasa.