Ukiombwa kushiriki jaribio la dawa, uliza kwanza

Huenda siku moja mhudumu wa afya wa kijiji akafika kwako akiwa na mgeni mwenye fomu mkononi. Watakueleza kwamba kuna dawa au chanjo inayojaribiwa, na watakuomba ushiriki. Utajibu nini?

Jambo hili haliko mbali nasi. Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan. Siku nne baadaye, tarehe 3 Februari, jaribio la chanjo lilikuwa limeanza jijini Kampala likiwalenga watu waliokutana na wagonjwa. Lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Kwa kasi hiyo, mtu anaweza kuombwa aamue kabla hajaelewa vizuri anaombwa nini.

Kupata washiriki ni kazi ngumu kila mahali. Nchini Uingereza, watafiti walichunguza majaribio 151 yaliyogharimiwa na serikali na kukuta kwamba ni asilimia 56 tu yaliyofikia idadi ya washiriki iliyokusudiwa. Jaribio lisilofikia idadi hiyo mara nyingi haliwezi kutoa jibu la uhakika. Waliojitolea wanakuwa wamesumbuka bure, na mgonjwa anayefuata hafaidiki.

Ndiyo maana wataalamu wameanza kukusanya na kupanga pamoja tafiti zote zinazohusu namna ya kuwapata washiriki. Mwaka 2018 mtandao wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 68 zilizohusisha watu zaidi ya 74,000. Mbinu nyingi zilikuwa zimepimwa, lakini ni tatu tu zilizokuwa na ushahidi wa uhakika mkubwa. Ya kwanza: watu hukubali zaidi wanapojua watapewa dawa gani, kuliko wanapoambiwa huenda wakapewa dawa tupu isiyo na kitu ndani. Ya pili: kumpigia simu mtu ambaye hakujibu barua ya mwaliko huongeza washiriki kidogo. Ya tatu inashangaza: kuboresha kijikaratasi cha maelezo kwa kukijaribisha kwanza kwa wasomaji karibu hakuongezi washiriki hata kidogo.

Sasa yapime hayo kwa maisha ya Nakivale, Kyangwali au Kyaka. Nani hapa hupokea barua ya posta? Simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa, na laini huenda imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ushahidi mwingi uliokusanywa umetoka nchi tajiri. Hilo ni pengo, na athari yake ni kwamba mtafiti anayekuja kwetu huja na mbinu zilizopimwa kwa watu wasioishi kama sisi.

Wengi wetu tuliotoka Kivu Kaskazini tunakumbuka mfano wa karibu zaidi. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa wa Ebola katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliombwa kushiriki jaribio lililoitwa PALM, la kulinganisha dawa nne. Kila mgonjwa alipangiwa dawa kwa kura. Wakati huo imani ilikuwa imevunjika. Uchaguzi wa Beni na Butembo ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama, na Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hata hivyo wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana: kwa dawa ya ZMapp, karibu wagonjwa 50 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28, lakini kwa mAb114 walifariki 35, na kwa REGN-EB3 karibu 34. Leo mgonjwa wa Ebola ya aina ya Zaire ana dawa zinazojulikana kusaidia, kwa sababu watu wa kwetu walikubali.

Kwa hiyo kuwaacha wakimbizi nje ya tafiti si kuwalinda. Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Mgao wa chakula umepunguzwa, na kaya nyingi hazina uhakika wa kesho. Katika hali hiyo nauli na sabuni anazopewa mshiriki zinaweza kuonekana kama mshahara, na mama mwenye watoto watano anaweza kukubali kwa sababu ya njaa. Au mtu anaweza kuogopa kwamba akikataa, jina lake litafutwa kwenye orodha ya mgao. Idadi ya washiriki itatimia, lakini ridhaa ya kweli haitakuwapo.

Basi ukiombwa, uliza haya. Utafiti huu umeidhinishwa na kamati gani ya maadili, na je, hapa Uganda umesajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia? Nitapewa nini, na nani anaamua nipewe ipi? Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani? Nikihamishiwa nchi ya tatu au nikirudi nyumbani, itakuwaje? Nani ataniletea matokeo? Omba uelezwe kwa lugha unayoielewa, Kiswahili, Kinyabwisha au nyingine, na omba muda wa kuzungumza na familia.

Na kumbuka: una haki ya kukataa, na hata ukishakubali una haki ya kujitoa wakati wowote. Mgao wako, matibabu yako na faili lako la ukimbizi havihusiani na jibu lako. Mtu akikuambia vinginevyo, kataa kutia sahihi na utoe taarifa kwa kiongozi wa zoni yako au kwenye dawati la malalamiko.