Mchezo Ufundishao



Katika nyumba zetu za Tarime na Serengeti, toka Sirari hata Mugumu, simu imekuwa jambo la ugomvi. Baba mmoja humpokonya mtoto simu mara amwonapo akicheza. Mama mwingine humpa ili anyamaze, naye aendelee na kazi zake. Wote wawili hawajauliza neno lipasalo: Je, mchezo huu wamfundisha nini?

Kwamba mchezo hufundisha, si habari mpya kwetu. Mcheza bao hujifunza kuhesabu kete na kutazama mbele kabla ya kunyosha mkono. Lakini je, mchezo wa katika kioo waweza kumfundisha mtoto kusoma?

Jambo hili limekwisha kupimwa katika nchi yetu, mkoani Tanga, katika shindano liitwalo Global Learning XPRIZE. Kwa muda wa miezi 15, hata mwaka 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi walitumia vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mitambo ya nguvu za jua iliwekwa vijijini ili kuvichaji. Hapo mwanzo, katika kila watoto 100, 74 walisema hawakupata kwenda shule kamwe, na zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Miezi ile ilipokwisha, hesabu ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10.

Siri yake si kubwa. Mtoto agusapo herufi husikia sauti yake papo hapo. Akikosea hujaribu tena, wala hakuna wa kumcheka. Katika darasa lililojaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto namna hii.

Hata hivyo, tusisahau nusu ile iliyobaki. Tena watoto wale walipoulizwa, 80 katika 100 walisema hawakupata kusomewa kitabu nyumbani. Hapo ndipo penye kazi yetu sisi wazazi, kwa maana chombo hakijui kwamba mtoto ametoka machungani amechoka, wala hakimwulizi jana alijifunza nini.

Basi, mwenye simu na achague mchezo wa herufi au hesabu, aweke saa yake, akae karibu. Mchezo ukiisha, mpe mtoto kitabu, au hata mfuko wa chumvi wenye maandishi, akusomee. Akisoma, amejifunza, akishindwa, amecheza tu. Asiye na simu asihuzunike: mbegu za mahindi zahesabika, na herufi zaandikika mavumbini. Nanyi walimu, watajieni wazazi herufi zinazowashinda watoto wao, ili mchezo wa jioni usaidie somo la asubuhi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wasalaam.