Bei ya dizeli hutangazwa, ya kiti mbona isitangazwe?

Mwenye matatu wa Kitengela anajua dizeli itamgharimu kiasi gani. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei ya juu zaidi ya lita, nayo hudumu hadi mwezi unaofuata. Abiria wake hana bahati hiyo. Nauli ya kufika Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi, huwa moja adhuhuri na nyingine saa kumi na mbili asubuhi, na jioni manyunyu yakianza makanga hutaja ya tatu. Gari ni lile lile na mafuta yaliyomo yalinunuliwa kwa bei ile ile. Kilichozidi ni watu waliosimama kituoni. Kwa hivyo kilio cha usafiri cha wakazi wa Kajiado, kaunti ya Kitengela, hakitatulizwa na lami pekee. Wanachokosa ni nauli na ratiba wanazoweza kuzitegemea.

Njia zenyewe zimeongezeka. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ina vituo Athi River na Emali. Barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Lakini mtazame msafiri wa Rombo ya Kajiado, kule chini ya Kilimanjaro. Hupitia Illasit na Loitokitok hadi Emali, na hapo achague basi la Barabara ya Mombasa au treni. Akichagua treni, humshusha Syokimau, nje ya jiji, na bado hajafika. Kila kipande cha safari kina mwenyewe na malipo yake, na ni treni tu ambayo nauli yake ameijua kabla ya kutoka nyumbani.

London husifiwa kwa treni zake za chini ya ardhi, zilizoanza mwaka 1863. Funzo letu, hata hivyo, limo katika mabasi yake mekundu. Mengi huendeshwa na kampuni za kibinafsi kwa mikataba, lakini njia, ratiba na nauli hupangwa na mamlaka ya uchukuzi ya jiji. Mvua ikinyesha, nauli haipandi. Sisi nasi tuna chombo cha aina hiyo: NaMATA, iliyoundwa mwaka 2017 kusimamia uchukuzi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Murang'a na Kajiado. Ianzishe mikataba ya aina hiyo, kwanza katika barabara ya Kitengela.

Wenye matatu watapinga, na wana hoja. Asubuhi gari hujaa likienda mjini na kurudi karibu tupu, kwa hivyo abiria wa kwenda hulipia pia viti vilivyorudi wazi. Basi nauli ya saa za msongamano na iwe juu kiasi, mradi iandikwe mapema na ipitiwe upya kila EPRA inapotangaza bei. Wengine watataja mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016: nauli inajulikana, lakini abiria husongamana vituoni wakingoja basi. Ni kweli, nauli thabiti bila magari ya kutosha huzaa foleni. Ndiyo maana mkataba utaje pia idadi ya magari na saa za kuondoka, na usiachiwe kampuni moja. Sako za matatu zilizopo zishindanie njia, na itakayokiuka masharti ipokonywe.

Hatua ya kwanza haihitaji mabilioni. Kibao kimoja kituoni Kitengela na kingine Illasit, chenye nauli, saa na nambari ya kupeleka malalamiko, kibadilishwe kila baada ya tarehe 14. Kikisimama hapo, makanga atakayetaja bei nyingine itambidi aitaje mbele ya watu wanaojua kusoma.