Jirani Anapobisha Hodi Usiku

Sisi wa Kilosa na Mikumi tunaijua miezi ya baada ya mavuno. Mpunga au ufuta umeuzwa, fedha imeingia nyumbani, na mama anapouliza habari za sare za watoto, jibu ni kofi. Usiku anakukimbilia, jicho limevimba. Unamwambia nini?

Mara nyingi tumemwambia, "Vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Tulitaka kuiokoa ndoa, tukamsahau mtu.

Uvumilivu ni tunda jema, lakini si ruhusa ya kupigwa. Katika Waefeso 5 mume ameagizwa kumpenda mkewe, hakupewa fimbo. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hata wazee wetu walilijua jambo hili. Kwa Wakaguru na Wavidunda, ambao ukoo hufuata upande wa mama, binti aliyeolewa bado alikuwa na mjomba wa kumsemea.

Basi, mama, akibisha hodi mfungulie. Usianze kumwuliza amekosa nini. Mwulize kama ni salama kurudi usiku huo; kama si salama, alale kwako au kwa ndugu, pamoja na watoto wake. Akikueleza kwamba alikabwa koo au alitishiwa kwa panga, usiseme ni hasira za kupita. Hiyo ni hatari ya kifo.

Kama ameumia sana, hospitali kwanza. Vinginevyo, akikubali, mfuatane hadi kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ataeleza yaliyompata na kupewa fomu ya PF3, ambayo mganga atajaza majeraha yake.

Kikao cha wazee kisitangulie haya. Mke hawezi kusema kweli akiwa ameketi mbele ya mtu anayemwogopa.

Na nyumbani kwetu, tuanze na wana wetu wa kiume. Kijana anayempiga dada yake huku mama akinyamaza, kesho atampiga mke, na mke huyo atabisha hodi kwa jirani. Tumkanye leo, angali mezani petu.