Kinachosumbua si nusukaputi

Nusukaputi hutwishwa lawama isiyo yake. Kwa mgonjwa mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kinachochochea mapigo, dawa hiyo ya usingizi kwa kawaida haiathiri kifaa. Msumbufu ni kisu cha umeme ambacho daktari wa upasuaji hukitumia kukata nyama na kuziba mishipa inayovuja damu. Umeme huo unaweza kuihadaa betri ikadhani moyo unapiga wenyewe, nayo ikanyamaza. Kwa anayeitegemea kila pigo, sekunde chache ni nyingi mno.

Ndiyo maana timu makini huikagua betri mapema, hubandika bamba la kurudishia umeme mahali ambapo mkondo hautapita kifuani, na daktari hukata kwa vipindi vifupi. Operesheni ya goti haina wasiwasi sawa na ya juu ya kitovu. Mapigo hufuatiliwa kidoleni pia, maana mchoro wa moyo kwenye skrini huvurugika kisu kinapowashwa.

 

Na sumaku inayotumiwa wakati wa upasuaji je? Ikiwekwa juu ya betri nyingi, huzifanya zipige kwa kasi isiyobadilika. Kwa kifaa cha kushtua moyo, mara nyingi huzuia mshtuko tu, mapigo hayalindwi. Mgonjwa aje na kadi ya kifaa chake, na kama mipangilio ilibadilishwa, irudishwe kabla hajaondolewa kwenye mashine za uangalizi.