Mtoto kupauka siyo aibu. Acheni tyubu! (Sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu wa Singida, leo sibembelezi mtu.

1. Kuanzia Juni mpaka Agosti mnajua hali ilivyo huku kwetu. Tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua zimekata, asubuhi baridi, na upepo wetu mnaujua. Hewa kavu inanyonya maji kwenye ngozi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Ndiyo maana mashavu yanakauka, miguu inapauka, midomo inapasuka. Hiyo ni hali ya hewa. Siyo uchafu, siyo uvivu wa mama, na mara nyingi wala siyo ugonjwa.

2. Sasa tunafanya nini? Mtoto akipauka kidogo tu, wifi anaguna, jirani anauliza, "Huyu mnampaka kweli?" Mama anaona aibu. Anamwogesha mara tatu kwa siku, anamsugua na dodoki, anatafuta sabuni ya dawa eti iue vipele. Sabuni inaondoa yale mafuta ya asili yaliyokuwa yanazuia maji yasitoke. Ngozi inazidi kukauka, mtoto anajikuna usiku kucha. Kesho yake mama huyo, mbio dukani.

3. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Muuzaji hamwangalii mtoto. Akisikia tu "vipele", anatoa tyubu. Hebu soma yale maandishi madogo: betamethasone, clobetasol. Hizo ni steroidi kali! Siku ya tatu ngozi laini, mama anafurahi, anamwelekeza na jirani. Akiendelea wiki nyingi, ngozi inakuwa nyembamba na kutoka mistari. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo dawa inaingia mwilini kwa wingi, na chini ya nepi ndiyo zaidi. Ikizidi, inaweza kuvuruga homoni zake na kumdumaza. Na kama vile vipele vilikuwa fangasi, krimu inaficha wekundu huku fangasi wanasambaa.

Mtaniambia, "Mbona hata hospitali wanatoa?" Ndiyo, wanatoa. Wapo watoto wenye pumu ya ngozi wanaohitaji steroidi, kwa nguvu iliyochaguliwa na siku zilizohesabiwa. Kama mwanao ameandikiwa, fuata maelekezo, usiache kwa sababu yangu. Ugomvi wangu ni na tyubu inayotolewa bila mtoto kuvuliwa hata shati. Na yule anayempaka mtoto mkorogo wake mwenyewe, jamani, huyo sina hata la kumwambia!

4. Fanya hivi:
– Mwogeshe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni kidogo isiyo na manukato, kwenye mikunjo na makalioni tu.
– Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Rudia kabla ya kutoka kwenye upepo, na rudia jioni.
– Nguo ya pamba ndani, sweta juu. Kucha zake ziwe fupi.

5. Eti mgando ni ya kizamani? Mgando inafunika ngozi maji yasitoke, basi. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka. Na msidharau mafuta ya kawaida. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Dhaka, Bangladesh: watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti wakiwa wodini walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa 41% kuliko wasiopakwa. Alizeti, hii hii tunayolima! Ila yale yalikuwa mafuta safi, chini ya uangalizi, kwa hiyo usimpake njiti wako mafuta ya jikoni.

6. Mlete kituoni ukiona ngozi inatoa maji au usaha, ukoko wa njano, homa, miduara inayosambaa, au nyumba nzima mnajikuna usiku. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye vipele vya usaha, siku hiyo hiyo. Ukipaka mafuta wiki mbili bila nafuu, njoo pia. Na kama umeshatumia krimu kali kwa wiki nyingi, usiache ghafla. Njoo na tyubu yenyewe tuione.

Wewe wifi, bibi na jirani, nawe nakuomba. Ukimwona mtoto kapauka, mpelekee mama yake kopo la mgando. Maneno yabaki kwako.