Kwani Tunalipia Dakika?

Mchezo umekwisha, taa zimewashwa, na kabla makofi hayajatulia kuna mtu kule nyuma anauliza kwa sauti: "Ndiyo basi?" Anatazama saa. Dakika 25. Anapiga hesabu ya kiingilio, nauli na foleni aliyokaa, kisha anajiona kapunjwa.

Simlaumu sana bwana huyo. Amefundishwa. Tumeaminishwa kwamba tamthilia fupi ni mazoezi ya mkono: mwanafunzi anaanzia hapo, akikomaa anaandika "tamthilia kamili", yenye maonyesho mengi na wahusika wa kujaza daladala. Walimu husema hivyo, wachapishaji husema hivyo, na watunzi wenyewe huinamisha kichwa: "Nina kamchezo kafupi tu." Wanaomba radhi kwa kosa gani? Imani hii ni ya uongo, na imetunyima sehemu kubwa ya sanaa ya jukwaa.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1965 Samuel Beckett wa Ireland aliandika Come and Go. Mazungumzo yake hayafiki hata maneno 150. Maelekezo ya jukwaani ni marefu kuliko yale wanayosema wahusika. Wanawake watatu waliojuana tangu utotoni wameketi kwenye benchi. Mmoja anainuka na kupotelea gizani. Mmoja wa waliobaki anamsogelea mwenzake na kumnong'oneza jambo sikioni, mwenzake anashtuka. Aliyeondoka anarudi kukaa. Inafuata zamu ya wa pili kutoka, kisha ya wa tatu. Mwisho wa yote kila mmoja anajua habari za wenzake wawili, na hakuna anayejua habari yake mwenyewe. Sisi tuliolipa kiingilio hatukusikia hata neno moja la minong'ono ile.

Yeyote aliyekulia penye baraza na majirani anaielewa hofu hii bila kusaidiwa na mhakiki. Ni maradhi? Ni kifo kinachokaribia? Haya, mwambie Beckett airefushe. Atalazimika kuutaja ugonjwa, kumleta daktari, kumpa mmoja wa wale wanawake mume mlevi na binti asiyesikia. Tungepata saa mbili za maelezo, na ile hofu ya kunong'onwa nyuma ya mgongo wako ingekufa katika dakika ya tano.

Atakayesema Beckett ni mtu wa zamani, na tumchukue mtunzi aliye hai. Caryl Churchill wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1938, amezidi kuandika kwa ufupi kadiri umri unavyosonga, na si kwamba amechoka. Far Away, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2000 katika ukumbi wa Royal Court jijini London, haifiki saa nzima. Inaanza na msichana mdogo asiyepata usingizi. Anamuuliza shangazi yake maswali: ameona kitu huko nje usiku, amesikia kelele, amekanyaga damu. Kila swali linapata jibu la uongo lililo laini kuliko lililotangulia, mpaka mtoto mwenyewe anaondoka akiamini kwamba amekuwa mmoja wa watu wema.

Sehemu ya pili ndiyo isiyonitoka. Msichana amekuwa mtu mzima, ana kazi katika karakana ya kofia. Yeye na kijana mwenzake wanashona kofia kubwa kubwa za madoido huku wakizungumzia mishahara, ufisadi wa wenye kampuni na, kidogo kidogo, mapenzi. Mazungumzo ya kazini kabisa. Kisha linapita gwaride: wafungwa waliofungwa minyororo, wamevaa kofia zile, wanakwenda kuuawa. Baadaye tunawasikia vijana wetu wakisikitika kwamba kofia huchomwa pamoja na miili. Wanasikitikia kofia. Hakuna anayetuambia nchi ni ipi, wafungwa wamekosa nini, serikali ni ya nani. Churchill hakutupa hata sentensi moja ya kutupumzisha, na ndiyo maana unatoka ukumbini ukijiuliza wewe mwenyewe unashona nini kazini.

Basi ufupi wa namna hii hauwezi kuwa upungufu. Tamthilia ndefu ina nafasi ya kukueleza, kukurudisha nyuma, kukubembeleza, kukupa mapumziko uende msalani. Tamthilia fupi iliyoandikwa vizuri inakukabidhi kazi hiyo wewe. Inakuacha na pengo, na pengo hilo mtunzi amelipima. Mtunzi mvivu naye huacha pengo, nakubali, ila lake ni la kusahau, na mtazamaji makini hulitambua upesi.

Sasa imani hii imetoka wapi? Kwa maoni yangu haikuzaliwa ukumbini. Imezaliwa darasani. Mtihani wetu wa fasihi unapenda vitu vinavyohesabika: taja dhamira tano, eleza sifa za mhusika mkuu, jadili mandhari na tamathali za usemi. Kitabu kirefu kinatoa majibu ya kujaza kurasa za mtahiniwa. Come and Go ingemwacha msahihishaji na kalamu mkononi, hana pa kuweka alama ya vema. Kwa hiyo mchapishaji, ambaye riziki yake ni vitabu teule, anamwambia mtunzi arefushe. Mtunzi anarefusha. Onyesho la tatu linarudia la pili, anaingizwa mzee wa busara aje kufafanua maana, na sisi tunaambiwa tamthilia sasa "imekamilika".

Tazama tulivyomtendea Ebrahim Hussein. Kinjeketile yake ya mwaka 1969 imesomwa na kizazi baada ya kizazi, na inastahili. Lakini mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tamthilia mbili fupi ndani ya kitabu kimoja chembamba. Humo ameweka kando karibu kila kitu ambacho shule inakiita tamthilia. Kuna utambaji wa hadithi, kuna sauti ya mtambaji, kuna lugha inayopakana na ushairi. Kwa ujasiri wa umbo mimi naziweka juu ya Kinjeketile, na najua kuna walimu watakaonipigia kelele. Wapige. Waulize kwanza wanafunzi wao wangapi wamewahi kuziona zikiigizwa.

Hadhira yetu, kabla haijaharibiwa, haikuwa na tatizo na ufupi hata kidogo. Miaka ya 1990 watu wa Dar es Salaam walijaa kwenye maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Kichekesho kiliingia, kikafanya kazi yake, kikatoka, na watu waliocheka mpaka machozi hawakudai kirefushwe ili kiheshimike. Hata ngonjera, alizozipigia debe Mathias Mnyampala, ni majibizano mafupi ya jukwaani yaliyobeba mijadala mizito ya siasa baada ya Azimio la Arusha. (Nyingi zilichosha, ni kweli. Zilichosha kwa sababu mshindi alijulikana tangu ubeti wa kwanza.)

Hapo nimegusa kidonda chetu wenyewe. Mchezo mfupi katika Afrika Mashariki umechafuliwa na ujumbe. Katika miaka ya 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya sanaa za maonyesho na wanakijiji wenyewe: kuchunguza, kujadiliana, kuigiza, kujadiliana tena. Ile ilikuwa kazi ya muda mrefu na ya fikra. Waliokuja nyuma yao wakiwa na bajeti za miradi waliacha mchakato, wakabeba ufupi peke yake. Gari linafika kijijini, fulana zinagawiwa, vijana wanaigiza kwa dakika 15: baba mlevi, binti aliyepata mimba, nesi mwenye maneno ya hekima, chandarua, makofi. Mtu aliyekua akitazama vitu hivyo, kisha ukamwambia "njoo uone mchezo mfupi", ana haki ya kutafuta udhuru. Kosa lake ni moja tu: anadhani ugonjwa ni ufupi. Tamthilia ya ujumbe ikirefushwa kuwa ya saa tatu haiponi, inakutesa zaidi.

Na wanaosema haya ni mambo ya watoto wa shule, wanisaidie kulielewa hili. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere, nchini Kenya, iliigiza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu ukabila na mgawo wa mali ya nchi. Ukapigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikabidi iingilie ndipo urudi jukwaani. Mwaka 2025 shule ileile ilikwenda Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza, na Echoes of War, wa mtunzi yuleyule: nchi ya kubuni inayojiinua baada ya vita, na vijana wanaowahoji wakubwa. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mtunzi akakamatwa, mabomu ya machozi yakarushwa, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Ulikuwa mchezo wa mashindano ya shule, wenye kikomo cha muda. Polisi hawakungoja urefushwe ndipo wauchukulie kwa uzito.

London nako yalitokea. Mountain Language ya Harold Pinter, ya mwaka 1988, ni ya kama dakika 20: wanawake nje ya gereza, wamezuiwa kuzungumza lugha yao. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama anaijua amri hiyo. Mwaka 1996 waigizaji wa Kikurdi waliokuwa wakiifanyia mazoezi kwa bunduki za bandia walivamiwa na polisi wenye silaha waliodhani ni wapiganaji wa kweli. Walipokuwa chini ya ulinzi wakakatazwa kusema Kikurdi. Pinter mwenyewe asingethubutu kuandika onyesho kama hilo. Wangemwambia ametia chumvi.

Hata hivyo bomu la machozi si uhakiki. Mchezo mbovu unaweza kupigwa marufuku, na mzuri ukapita bila mtu kuugusa. Ninachodai ni kidogo zaidi: dola imeelewa jambo ambalo wahakiki wetu hawajaelewa, kwamba dakika chache jukwaani zinatosha kusema jambo lote.

Tena zinawahi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, watunzi wa Kyiv waliokuwa wakijiandaa kufungua ukumbi wao mpya mwezi uliofuata walibaki kuandika vipande vifupi wakiwa safarini, na vikasomwa jukwaani katika nchi nyingi vita vikiwa bado vibichi. Suzan-Lori Parks wa Marekani, aliyekuwa amepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2002, aliamua mwishoni mwa mwaka huohuo kuandika mchezo mmoja kila siku kwa mwaka mzima. Kati ya 2006 na 2007 michezo hiyo 365 iliigizwa na mamia ya vikundi. Si yote mizuri. Nani ana mawazo mazuri siku 365 mfululizo? Lakini mtu mwenye jina kubwa hivyo hakuona kwamba anashuka daraja.

Kuna watetezi wa tamthilia fupi ambao afadhali wangenyamaza. Hao husema: zama hizi ni za simu, watu hawana subira, basi tuwape kifupi. Watu hawana subira? Watu hawahawa wanamaliza msimu mzima wa tamthilia ya Kituruki kwa wikiendi moja. Wanakaa dakika 90 kutazama mpira wa sare ya bila kufungana, kisha saa nyingine wakimjadili mwamuzi. Subira ipo tele. Churchill haandiki kwa ajili ya waliochoka. Anayekwenda kumwona akiwa na usingizi atatoka hana alichoambulia.

Kwa hiyo ninataka mambo yanayowezekana. Wenye kumbi waoanishe michezo miwili au mitatu kwa usiku mmoja, mapumziko katikati, kama walivyojua kufanya Muungano. Aanze mtu na Ngao ya Jadi, kisha kazi ya mtunzi wa miaka 25 ambaye hatujamsikia bado. Wachapishaji watoe mikusanyo ya tamthilia fupi kama wanavyotoa ya hadithi fupi, ambayo shule zimeikubali bila kulalamika. Magazeti yatume mhakiki, aandike alichokiona jukwaani na asimalizie kwa kumpa mtunzi moyo aje na kazi ndefu. Na waandaaji wa matamasha walipe. Tamasha linalojaza michezo mifupi kumi usiku mmoja na kuwalipa watunzi wake kwa soda na cheti cha kushiriki halina haki ya kulalamika kwamba mwaka huu kazi nzuri zimekuwa chache.